Koti la Baba Mdogo Athol

Margate, Tasmania
Jumapili, 1 Agosti 1971

Baba mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kile kikohozi ulichokitaja mwezi uliopita kimekuacha. Sisi huku hatujambo. Mama anaumwa mgongo lakini hataki kuonana na daktari. Kuku wameanza kutaga tena, ingawa baridi bado kali.

Mwalimu Pybus atatupeleka Taroona tarehe 20 kuuona ule mnara wa zamani wa marisau, zile risasi ndogo za kuwindia ndege. Ametuambia kila mtu aandike maswali manne ya kuuliza. Mimi nimeandika saba.

Baba, kuna jambo jingine. Tangu mwezi Mei, hakimu aliposema kwamba Baba Mdogo Athol alikufa kwa kosa lake mwenyewe, kwa kusimama ghafla kwenye matete wakati wewe unalenga bata hatua arobaini nyuma yake, binti yake Glenys hana raha shuleni. Kila anaposimama kujibu swali, Trevor Blacklow na wenzake wa nyuma wanapaza sauti: "Kaa chini, Glenys! Bata wanapita!" Darasa linacheka. Mwalimu amewaadhibu mara mbili, na sasa wananong'ona tu, lakini kila mtu anasikia. Unajua kwamba Glenys ndiye aliyekuwa wa kwanza kwetu katika hesabu. Siku hizi hanyooshi mkono hata kama jibu analo. Na mimi haniongeleshi, ingawa ni mtoto wa ndugu yako na kati ya nyumba yao na yetu kuna malisho ya kondoo tu.

Ningependa umwandikie barua fupi. Siku ile mlikuwa wawili tu pale ziwani, kwa hiyo hakuna mwingine anayeweza kumwambia habari za baba yake. Andika hata jambo moja jema. Nitampelekea mwenyewe.

Mama anakusalimu.

Mwanao,
Merran


Rosebery
9 Agosti 1971

Merran wangu,

Salamu nyingi kutoka kwenye mvua. Mimi mzima. Kikohozi kipo, lakini huku mgodini asiyekohoa wanamwona mgeni. Mwambie mama yako aende kwa daktari, na useme ni mimi niliyesema, akasirike na mimi.

Mpishi wetu anatupa nyama ya kondoo kuanzia Jumatatu hadi Jumapili. Jana Stan, ninayelala naye chumba kimoja, alimwuliza, "We mzee, huyu kondoo mlimchinja au alikufa?" Mpishi akamjibu, "Alijiua mwenyewe, alipokuona unakuja na sahani." Watu walicheka mpaka wakagonga meza.

Kuhusu Glenys. Wavulana watachoka, wavulana huchoka na kila kitu. Barua siwezi. Nimekaa na kalamu jioni mbili na mkono haukwenda. Yaliyosemwa mbele ya hakimu yamekwisha kusemwa, mwanangu. Tumwache Athol apumzike.

Mimi na yeye tuliupanda mnara huo tukiwa wadogo kuliko wewe. Tulitema mate kutoka juu, mlinzi akatukimbiza hadi barabarani, naye Athol akapoteza kiatu kimoja. Nyumbani tulisema kimechukuliwa na mbwa.

Soma kwa bidii.

Baba yako


Margate
Jumapili, 22 Agosti 1971

Baba mpendwa,

Natumaini hujambo, na mvua imepungua. Mama alikwenda kwa daktari. Amepewa dawa ya kuchua mgongo, na mimi ndiye ninayemchua.

Tulikwenda Taroona juzi. Naomba usome barua hii polepole, maana nimeiandika mara tatu.

Mnara ni wa mawe, mwembamba, na ndani yake hakuna kitu ila ngazi za mbao zinazozunguka ukutani hadi juu. Katikati ni wazi. Ukiinama kwenye ukingo unaona sakafu chini kama sarafu. Mzee anayeutunza anaitwa Hext. Alitueleza kwamba waliyeyusha madini ya risasi huko juu, wakatia sumu ya aseniki kidogo ili matone yakae mviringo, kisha wakayamimina kwenye chekeche. Matone yalianguka kimo chote kile, yakapoa yakiwa hewani, yakaingia kwenye pipa la maji chini. Baadaye yalibingirishwa kwenye meza ya mteremko. Yaliyo mviringo yalikwenda moja kwa moja. Yaliyopinda yalitoka kando, yakarudishwa motoni.

Nilimwuliza habari za waliofanya kazi hiyo. Akasema, "Waliochanganya aseniki, binti, meno yaliwatoka kabla nywele hazijawa nyeupe." Trevor akauliza, "Mzee, ukimwangusha mtu kutoka hapa, naye atakuwa mviringo?" Mzee Hext akamtazama akasema, "Wewe huna haja ya kuangushwa, kijana. Tumbo lako limeshaanza." Hata Mwalimu Pybus alicheka.

Tuliposhuka akatuingiza kwenye ghala la mawe lililo chini ya mnara. Ukutani ametundika mabati matatu yaliyopakwa rangi nyeupe. Aliyapiga mwenyewe kwa bunduki moja na risasi za aina moja, ila kwa umbali tofauti. Bati la tatu lilikuwa na vitundu vilivyotawanyika kama mbegu zilizomwagika, kwenye eneo pana kuliko mlango wetu wa jikoni. La kwanza lilikuwa na tundu moja tu, ambalo ningeweza kuliziba kwa kiganja.

Glenys alisimama mbele ya lile la kwanza. Hajauliza swali darasani tangu Juni, kwa hiyo sote tuligeuka aliposema, "Mzee, hapa ulisimama wapi?"

"Hatua mbili. Tatu zikizidi."

"Na hatua arobaini?"

"Ni lile la mwisho. Kwa arobaini marisau yameshaachana, binti, kila moja linakwenda kwake. Hayatoboi tundu moja hata uyabembeleze."

Glenys akasema, "Koti la baba yangu lina tundu moja."

Mzee Hext hakujua yeye ni nani. Alijibu kwa upole tu, "Basi aliyempiga baba yako alikuwa karibu naye, kama mimi nilivyo karibu nawe." Mwalimu Pybus akamshika Glenys bega, akamtoa nje.

Kwenye basi alikuja kuketi karibu nami, mara ya kwanza tangu Mei. Aliniambia kwamba polisi walirudisha koti ndani ya mfuko wa karatasi, na mama yake, Mama Mdogo Nance, akalitundika kwenye kibanda cha kufulia. Halikuonyeshwa kwa hakimu. Konstebo aliandika kama ulivyomwambia, kwa sababu mlisoma pamoja. Kisha akaniuliza, "Baba yako alisema arobaini?"

"Ndiyo."

"Muulize." Akaondoka, akaketi mbele kabisa, peke yake.

Baba, nakuuliza. Niliandika sababu tano zinazoweza kueleza jambo hili bila wewe kuwa umesema uongo. Nne nimezikata mwenyewe. Ya tano ni kwamba mimi ni mtoto na kuna kitu sikielewi. Nieleze, nami nitakuamini.

Mwanao,
Merran


Margate
Jumapili, 19 Septemba 1971

Baba mpendwa,

Natumaini u mzima. Sijapata jibu na leo ni wiki ya nne. Nilimwuliza Mama kama barua zimechelewa. Alisema, "Mwache baba yako, Merran. Mwache tu." Alikuwa anakata mkate, na hakuacha kukata hata vipande vilipokwisha kututosha.

Mama Mdogo Nance anahama. Tarehe 30 Oktoba, siku ya Jumamosi, yeye na Glenys watachukua meli ya Devonport kwenda Melbourne kwa dada yake, na hawatarudi. Anasema amechoka kusikia dukani kwamba mumewe alikuwa mzembe.

Sitaandika marefu. Ulinifundisha kwamba mtu akiulizwa swali la kweli asijifanye hakusikia.

Mwanao,
Merran


Rosebery
10 Oktoba 1971

Merran,

Mimi mzima. Stan ananiuliza kwa nini sili. Nimemwambia ni yule kondoo.

Hukukosea. Mzee wa mnara hakukosea, wala koti.

Asubuhi ile tulikuwa hatujafika kwenye matete. Tulikuwa kwenye uzio wa seng'enge, malisho ya mwisho kabla ya ziwa, tukawasikia bata wanaanza kupiga mabawa. Nilisema, "Haraka, Athol, wataruka." Unajua ninachowafundisha vijana wote wa Margate, na wewe nilikufundisha ukiwa na miaka tisa: ukifika kwenye uzio, fungua bunduki, toa risasi, mpe mwenzako, ndipo uvuke. Sikufungua wala sikutoa kitu. Athol aliweka yake chini, akaukanyaga waya wa chini na kuuinua wa juu kwa mikono miwili ili nipite. Mguu wangu ulinasa. Bunduki iligonga nguzo ikafyatuka.

Hakusimama mbele ya bata, Merran. Alikuwa ameinama, amenishikia waya.

Aliishi muda wa kutosha kusema jina la Nance. Nilimbeba hadi kwenye matete, sijui kwa nini, nadhani nilikuwa nayatafuta maji. Konstebo alitukuta hapo. Aliniuliza, "Alisimama?" Nikasema ndiyo. Akauliza, "Hatua ngapi?" Nikasema arobaini. Sikuwa nimepanga kitu. Aliniuliza kama mtu anayekunyooshea mkono utoke shimoni, nami nikaushika. Baadaye kila siku iliyopita ilifanya iwe vigumu zaidi kuuachia.

Nimekwambia wewe kwa sababu uliniuliza. Wengine sitawaambia. Wakinifunga, mama yako ataishije? Na wewe utapita vipi pale shuleni? Athol hasikii tena wanayomsema. Wewe ungesikia. Ichome barua hii. Uwaache wasafiri.

Baba yako


Margate
Jumapili, 17 Oktoba 1971

Baba mpendwa,

Natumaini umeanza kula.

Nimeisoma barua yako bandani ili Mama asinione. Nashukuru kwamba umenijibu. Siwezi kuichoma. Nilijaribu, nilikuwa na kiberiti mkononi, lakini ndani yake Baba Mdogo Athol ameinama na amekushikia waya. Hakuna mahali pengine jambo hilo lilipoandikwa.

Unasema yeye hasikii. Glenys anasikia.

Sitaki kumpelekea mimi. Ni maneno yako, na wewe ndiye uliyekuwepo. Njoo na basi la Ijumaa tarehe 29. Nitakuja Hobart baada ya shule, nitakungoja kituoni, na tutakwenda pamoja kwa Mama Mdogo. Huna haja ya kusema mengi, na mimi nitakaa karibu nawe.

Mwanao,
Merran


Margate
Jumapili, 7 Novemba 1971

Baba mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta huko huko Rosebery, na kwamba huumwi.

Nilingoja kituoni. Basi la kwanza lilishusha watu kumi na mmoja, la pili watano. Dereva alinihurumia, akapanda tena ndani na kutazama viti vyote, kana kwamba labda umelala. Nilirudi nyumbani na basi la mwisho.

Jumamosi asubuhi nilivuka malisho. Lori lao lilikuwa limekwisha kupakiwa. Mama Mdogo Nance alikuwa amevaa kofia ya safari. Alisema, "Kama umekuja kuaga, Merran, aga upesi, dereva analalamika." Nilimpa barua yako. Aliisoma amesimama, akarudia, kisha akaketi juu ya sanduku. Glenys akaichukua mikononi mwake, akaisoma naye.

Nilidhani Mama Mdogo atalia au atanipiga. Badala yake alisema, "Alimshikia waya." Baadaye kidogo akasema, kama anayemwambia mtu mwingine, "Hata mimi alinishikia, siku aliyonipeleka kwa mama yake. Nilikuwa na gauni jipya. Akasema, pita Nance, haukugusi." Dereva akapiga honi. Mama Mdogo akamfokea kwa neno ambalo sitaliandika.

Aliikunja barua akaiweka kwenye mkoba wake. Alisema, "Mwambie baba yako, mwambie Lindsay simsamehe. Na yeye asiniombe." Kama ataipeleka polisi au hataipeleka, hakusema. Glenys alinikumbatia haraka na kwa nguvu, mpaka miwani yangu ikapinda. Kisha wakaenda.

Jumatatu nilimwomba Mwalimu Pybus ruhusa, nikasema mbele ya darasa. Nilisema Baba Mdogo Athol hakuwa mzembe, kwamba alikuwa anamsaidia ndugu yake kuvuka, na kwamba mwenye bunduki iliyojaa alikuwa baba yangu. Niliyasema bila kusoma. Kwa siku mbili hakuna aliyecheka. Siku ya tatu Trevor akaanza: "Merran, umetoa risasi?" Sasa wanasema hivyo kila ninaposimama. Ninangoja wamalize, ndipo ninajibu swali.

Mama amejua. Hajanipigia kelele. Kila asubuhi nakuta chakula changu cha shule kimefungwa vizuri. Jana aliniomba nimchue mgongo, akalia uso ukiwa kwenye mto.

Baba, nilikuvunjia siri yako na sitaomba radhi kwa hilo, ila naomba radhi kwamba barua yako ilisomwa na wewe hukuwepo. Meli ilifika Melbourne wiki nzima iliyopita. Barua iko kwenye mkoba wa Mama Mdogo, na sijui anangoja nini. Mimi nafikiri hajaamua. Nimetazama ramani iliyo shuleni. Rosebery ni mji mdogo, kwa hiyo kituo cha polisi hakiwezi kuwa mbali na kambi yenu. Bado unaweza kufika huko kabla ya barua ile.

Mwanao,
Merran