Mama Hatakimbia

Mzee Colin,

Mazoezi yameisha sasa hivi, wenzangu wameondoka, nami nimebaki hapa kwenye ukumbi wa kanisa, mtaani Turffontein, na funguo mkononi. Ndiyo, funguo ninazo mimi. Ulipofariki, wenye ukumbi walidhani tutakusanya vitu vyetu twende zetu. Nikawaambia tamthilia inaanza Ijumaa kama ulivyopanga, na mwongozaji ni mimi, Aline, yule yule aliyeanza kwako kwa kusuka nywele za waigizaji.

Magazeti yamekuandika vizuri. Yametaja kumbi kubwa za kwenu Uingereza, filamu ulizoongoza na ulizotayarisha, hata ile uliyokuwa ukiikana mbele za watu. Sisi, kundi lako la maigizo, hatumo. Miaka yote hii uliyotufundisha kuigiza kwa Kiswahili, na wewe mwenyewe ukijua neno moja tu, "tena", la kuturudisha mwanzo wa onyesho, hakuna aliyeiona. Imeniuma, sikufichi. Halafu binti yako akaja kuchukua vitabu vyako, akanitazama juu ya miwani kama wewe, nikalia pale pale mlangoni.

Basi, turudi kwenye ugomvi wetu wa mwisho. Katika tamthilia yetu mwana anarudi baada ya kupotea vitani miaka mingi, mama anamwona mlangoni. Ulitaka mama akimbie amkumbatie. Katika filamu zako, ulisema, mbio kama hizo ziliwaliza watu. Mama Furaha, anayeuza vitenge mchana na kuigiza mama huyo jioni, akagoma. "Mwanangu akirudi mimi sikimbii. Miguu itakataa. Nitakaa chini." Ukamjibu kwamba jukwaani mtu akikaa chini, waliokaa nyuma hawamwoni. Mkabishana wiki nzima, mimi katikati nikitafsiri na kupunguza makali. Ulipolazwa hospitali mlikuwa bado hamjapatana.

Tulipotoka kukuzika, nani alibadilika? Mama Furaha mwenyewe. "Sasa nitakimbia," aliniambia. "Marehemu habishiwi." Patrick, anayeigiza mwana, akasema huo ni wosia, hauguswi. Eish, Mzee. Akakimbia kweli, tena vizuri. Nikatazama, nikaona mwanamke mwenye adabu anamtii marehemu. Mama sikumwona.

Nikakumbuka siku tuliyosimama kwenye roboti, zile taa za barabarani, kule mtaa wa Observatory, mimi nikisifu kila ulichofanya. Ulinigeukia ukasema, "Aline, ukinikubalia kila kitu, sina haja na wewe, nitanunua kioo." Nilinuna mpaka nyumbani.

Kwa hiyo nimebadilisha. Mlango nimeusogeza mbele kabisa, ukingoni mwa jukwaa, ili hata wa nyuma wamwone. Patrick alinung'unika. Nikamwambia mwongozaji ni nani. Leo mwana ameingia, Mama Furaha akamtazama, akakaa sakafuni taratibu, kitenge kikateleza kutoka begani. Patrick akasahau maneno yake yote, akapiga magoti. Sikusema "tena".

Najua ungekasirika. Kasirika tu, Mzee, nimekuzoea. Watu wakitucheka, lawama ni yangu, sitasema ulinituma. Wakitupigia makofi, nitawaambia ni nani aliyenitoa kwenye vitana akanikalisha kwenye kiti cha mwongozaji. Hilo nakuahidi, na kundi hili halitavunjika mikononi mwangu.

Pumzika sasa, mwalimu wangu. Ijumaa Mama Furaha anakaa chini.

Aline