Mikono Chini, Mzee Wanzala

Walukuba, Jinja
27 Agosti 1996

Baba yangu mpendwa,

Salamu hizi zikukute huko Moroto ukiwa mzima, na kile kikohozi cha vumbi kiwe kimechoka kukufuata. Sisi hapa hatujambo. Mama anakusalimu sana na anauliza kama blanketi limefika. Romano ameng'oka jino la mbele, na siku hizi anampigia saluti kila anayepita mlangoni akisema yeye ndiye afande wa nyumba mpaka urudi. Mimi pia ni mzima, Baba, na habari nilizonazo ni nyingi kuliko karatasi.

Barua za shule naandika kwa Kiingereza, lakini hii nimeona niiandike kwa Kiswahili chetu cha kota za magereza, kwa sababu mambo yenyewe yalitokea kwa Kiswahili hicho. Tena nina jambo la kukuungamia ambalo hata Mama hajui. Usiruke kwenda mwisho. Nakujua.

Uliniruhusu niende Mbale likizo hii na Nabifo, rafiki yangu wa shule ya Mpumudde, yule mrefu aliyekuja kwetu akala samaki wote akaacha kichwa. Tulipita Tororo, nikaliona lile jiwe kubwa lililosimama peke yake kama mtu aliyekosana na milima mingine. Kwao Nabifo ni Wanale. Baba, mlima unaanzia nyuma ya jiko lao! Ukitoka kumwaga maji machafu unaukuta umekuinamia, na juu kabisa maporomoko yanateremka membamba kama uzi wa kushonea.

Baba yake, Mzee Wanzala, ni mtu mpole anayezungumza akiitazama mikono yake. Alinipakulia malewa, yale machipukizi ya mianzi yanayopikwa na karanga, na kabla sijamaliza akanipakulia tena, akisema asije akasikia kwamba binti wa afande alikuja Mbale akashinda njaa. Jioni alitutembeza mpaka juu ya ukingo, akatuonyesha upande wa Kenya. Alisema Wagisu wa huku na Wabukusu wa kule ni watoto wa mzee mmoja, Masaba, na waliopitisha mpaka katikati yao waliupitisha watu wakiwa wamelala. Dada yake mwenyewe ameolewa ng'ambo ya mto Lwakhakha, na mtoto wa dada huyo, Joash, mwaka huu alikuwa anatahiriwa.

Kesho yake Joash alifika na kundi la watu, kuja kumwalika mjomba kama desturi inavyotaka. Ana umri wangu. Kifua wazi, shanga zimekatiza kifuani, mikononi njuga za chuma anazozipiga bila kupumzika, na kaka yake mkubwa Khaemba anaongoza nyimbo. Vumbi lilipanda, wanawake wakapiga vigelegele. Nilijibanza kwenye ukuta wa jiko, mahali pangu pa siku zote. Nabifo alikuwa ndani akikoroga sufuria, kwa hiyo sikuwa na wa kunieleza lolote.

Basi yule Mzee Wanzala mpole akatoka ndani amebadilika. Alimzunguka Joash akimtukana kwa Kimasaba na Kiswahili wote wasikie. Alimwita tumbo la uji. Alimwambia kisu hiki hakitaki watoto wa mama, arudi kwao akanyonye, na kesho akikiona tu atakimbia na breki yake ya kwanza itakuwa Nairobi. Watu wakacheka. Halafu akampiga kofi. Joash hata hakumtazama, alizidi kupiga njuga. Akampiga la pili, na akainua mkono kwa la tatu. Mimi nilidhani pombe imempanda kichwani na hakuna wa kumzuia.

Baba, sijui nilitokaje pale ukutani. Unajua mwalimu akiniuliza jina langu darasani wanaokaa nyuma hawalisikii. Unajua ulivyokuwa ukiniambia niongeze sauti mpaka mfungwa wa mwisho kwenye mstari asikie. Nilisimama kati ya yule mzee na Joash, nikapaza sauti yako, ile ya asubuhi ya kuhesabu wafungwa. Nikamwamuru asimame hapo hapo. Mikono chini!

Na akaishusha.

Njuga zikanyamaza. Mama mmoja alimvuta mtoto wake nyuma. Usoni mwa Mzee Wanzala nikaona kitu ambacho sikukipenda, kwa sababu alishusha mikono kabla hajajua ni nani anayemwamuru.

Nabifo alikuja mbio na mwiko mkononi, akaninong'oneza kwamba matusi na makofi ya mjomba ndiyo baraka yenyewe. Mjomba humpima mtoto kabla ya kisu kumpima. Nilitamani mlima uniangukie. Khaemba alikuwa amekasirika sana. Alisema nimemharibia mdogo wake, kwamba bonde zima litaimba kuwa Joash alijificha nyuma ya sketi ya msichana wa Jinja, na kesho akitikisika hata ukope hakuna atakayemwoza binti. Nikamtazama Joash. Midomo ilikuwa inamtetemeka, na hilo liliniuma kuliko kelele za Khaemba.

Mzee Wanzala aliitazama mikono yake. Mwisho alisema nyama ya mjomba, ile anayovishwa kijana kuonyesha kwamba mjomba ameridhia, ataitoa. Lakini aliyemtetea kijana lazima aende naye mpaka ng'ambo, asimame mbele yake wakati wa kisu, macho wazi, asipepese. Joash akitikisika, aibu ni ya wote wawili. Akamvika Joash shingoni kipande hicho cha nyama ya kifua, tukashika njia.

Tulishuka mchana kutwa. Bonde la Lwakhakha ni zuri, Baba: migomba, kahawa, halafu mto unaokimbia juu ya mawe, Uganda huku na Kenya kule, na wimbo wetu ukavuka daraja bila kubadilishwa hata neno. Njiani Mzee Wanzala alitembea karibu nami. Nilimwomba radhi. Alisema amri kama ile aliwahi kuisikia kwenye vizuizi vya askari barabarani, miaka ile ya vita, na haikutolewa hata siku moja kwa ajili ya kumtetea mtoto wa mtu. Alisema hakujua kwamba inaweza kufanya kazi hiyo. Akasema nikuambie. Ndiyo nakuambia.

Alfajiri walimpeleka Joash mtoni wakampaka tope mwili mzima, wakamrudisha uani kwao akiwa wa rangi ya ardhi. Nilisukumwa mpaka mbele. Ngariba akapita pembeni yangu. Joash akainua uso akaniangalia mimi, mimi tu.

Hakutikisika, Baba. Filimbi ya kutangaza kwamba kisu kimemaliza ililia, vigelegele vikapasuka, Khaemba alinibeba juu juu kama gunia la mahindi huku analia. Mzee Wanzala alisimama mbele ya ukoo wake wote akatangaza kwamba Joash ni mwanamume, na kwamba macho ya binti wa afande hayakupepesa.

Sasa ungamo langu. Yalifumba. Nilipoona kisu kinashuka niliyafumba yote mawili, kwa nguvu, na sikuyafungua mpaka filimbi. Sikuona kitu! Mzee aliponisifu sikumsahihisha. Aibu yangu ya kutosema ilirudi haraka sana siku hiyo.

Jua lilipopanda Joash alikuwa amekaa kwenye kigoda, amevikwa kitenge, watu wanamletea zawadi. Aliniita kwa kidevu. Akaniambia polepole kwamba aliniona. Alisema alikuwa karibu kutikisika, halafu akaona sura yangu imekunjamana kama ndimu iliyokamuliwa, akasema moyoni: huyu aliyemwamuru mjomba wangu akatii, leo ananiogopea. Basi woga umeshapata mwenyewe, mimi sina kazi nao. Akasema siri hiyo haitavuka mto. Nami nimeivusha kwako tu.

Kwa hiyo ukiniuliza kama mwanao bado ni mwoga, jibu ni ndiyo. Lakini sauti ninayo, Baba, na sasa najua ni ya kazi gani.

Mama anasema uvae soksi usiku. Romano anakupigia saluti. Mzee Wanzala naye anakusalimu sana, anasema ukipita Mbale ufike kwake, ila usimwamuru kushusha mikono: mmoja utakuwa umeshika mrija wa pombe, na huo haushuki kwa amri ya afande yeyote.

Ni mimi mtoto wako wa sauti ndogo,
Akello