Direkteri, Acha Kumuita Spesi

Direkteri Tarsisi,

Ni mi, Rafaeli, mufundi wa mabenchi. Usicheke mwandiko wangu. Kwa mapadri nilisoma mwaka mumoja tu, na nusu ya ule mwaka nilichunga mbuzi zao, lakini kalamu naijua. Muke wa mutoto wangu alisema, "Baba, wewe sema, mi niandike." Nilikatala. Mutu mwenye alitengeneza mabenchi yote ya shule yetu ya Gasenyi kwa mikono yake, peke yake, bila mashine, hawezi kushindwa na karatasi. Nimeanza juzi. Leo ni siku ya tatu, na vidole vinaniuma kuliko siku ya kupiga randa.

Nakuandikia sababu ya mutoto mumoja, Spesi. Nataka umuachilie. Lakini wewe hukupenda mutu anayeingia ofisini na kuomba kabla ya kusalimia, kwa hiyo nianze na habari.

Shule imefunguliwa. Bati za upande wa barabara hazipo, hatujui nani alizichukua. Mu darasa ya pili walikaa wadeplase, wale waliokimbia milima, walipika humo ndani mpaka ukuta ukawa mweusi kama sufuria. Vita haijaisha, tunaisikia bado upande wa juu, lakini bendera inapandishwa asubuhi. Na kuna direkteri mupya, mwanamuke, Madamu Konsolata. Mutu mwema, sauti nyembamba. Anafanya apeli, anaita majina yote, lakini watoto wakisema "hayuko" anaweka alama na anaendelea na jina lingine.

Hakuna mutu alifanya apeli kama wewe. We hukukubali "hayuko". Ulisimama palepale mbele ya benchi, ukalowesha kidole na mate, ukasema, "Hayuko, sawa. Yuko wapi?" Na wenzake wa benchi moja walipaswa kujua. Ana homa. Amekwenda kwa bibi yake Kibenga. Nguo yake haijakauka. Kama hawakujua, walibaki wamesimama, na saa za jioni ulikwenda kwa miguu mpaka kwao kuangalia. Wakubwa walikucheka. Mi pia nilikucheka. Ukaniambia, "Mutama, we unahesabu mbao zako kila jioni, niachie nihesabu za kwangu." Ulikuwa unaniita Mutama, muzee, na huku nilikuwa bado nakushinda kubeba mizigo.

Sasa kuna kitu mu darasa ya tano. Mabenchi mengine yaliunguzwa, watoto wengi wanakaa chini, wamebanana kama ndagala kwenye kikapu. Lakini pale palipokuwa benchi ya tatu, upande wa dirisha, hawakai. Hakuna mutu aliwakataza. Hata wale wapya, waliokuja juzi kutoka mbali, wenye hawakuijua ile benchi, wanazunguka ile nafasi. Madamu Konsolata alisukuma mutoto mumoja akae pale. Alikaa kidogo, akainuka, akasema, "Madamu, hapa kuna watu."

Sikukuambia bado juu ya ile benchi. Nilifikiri labda umejionea mwenyewe.

Unakumbuka ile wiki. Risasi zilishuka mpaka karibu na bomba, bariyeri zilifungwa, hata mutu wa kuuza mbao hakuwa na njia. Nilikukataza usitoke. Nilikushika shati. Ukasema, "Rejista iko ofisini, Mutama. Ikiungua, nani atajua nani alikuwa hapa?" Tulikukuta kwenye mulango wa ofisi. Rejista ilikuwa chini yako. Ilikuwa imelowa, kurasa zimeshikana, hakuna aliyeweza kuifungua. Muke wako alikuwa amekimbia pamoja na watoto, kwa hiyo mi ndiye nilibaki wa kukuzika.

Wengine siku zile walizikwa na mukeka. Mi nikasema, Direkteri wangu, apana. Rafiki wa Rafaeli haendi na mukeka. Nilikwenda mu darasa ya tano nikachukua benchi ya tatu, ile ya libuyu, mbao nzito ya Kongo, niliyoitengeneza vizuri kuliko zote. Nilifungua, nikapima, nikapigilia sanduku yako. Nusu siku! Nionyeshe mufundi mwingine Bujumbura nzima anayeweza kufanya hivyo na risasi zinalia juu ya kichwa. Ubao wa juu, ule wa kuandikia, ulikuwa na mikwaruzo upande mumoja. Kwa heshima yako nikageuza, upande laini ukawa nje, mikwaruzo ikawa ndani. Watu wote walisifu. Mi nikasifu kuliko wote.

Ile mikwaruzo ilikuwa majina, Direkteri. Sikuangalia. Nilikuwa nalia na nilikuwa na haraka, na kusoma kwangu unakujua. Watoto wane wa benchi ya tatu walichora majina yao na musumari, chini chini, ukiwa umegeuka. Joze, Emanueli, Odeta, Spesi. Nimekulaza, nimefunika, na majina yao yamekuangalia usoni mpaka leo.

Na hakuna mutu angejua, kama si mulomo wangu. Nilikuwa kwenye urwarwa, pombe ya ndizi, mutu akasema sanduku zangu za siku hizi ni nyepesi. Nikawaka. Nikasema, "Nyepesi? Direkteri Tarsisi amelala ndani ya benchi ya tatu ya darasa ya tano, libuyu tupu, kaulize mchwa!" Kesho yake asubuhi Mama Spesi alikuwa kwangu, yule mwenye anauza majani ya sombe karibu na bomba. Hakusalimia.

"Muzee Rafaeli, we ndiye umezika jina la mutoto wangu."

Nikacheka. Akaniambia wale watoto walichora majina yao kwenye ule ubao, na sasa Spesi hali chakula. Haendi shule. Kila siku saa moja na nusu, saa ya apeli, anaacha kazi aliyo nayo mukononi na anasimama. Anajibu. Nyumbani, kwenye kiwanja, hakuna mutu. Wakimupeleka shule kwa nguvu analia, anasema hawezi kujibu prezan, nipo, mahali pawili.

"Fukua," Mama Spesi akasema. "Toa ule ubao, unirudishie jina."

"Mama, misumari nilipiga mwenyewe. Haifunguki mpaka siku ya parapanda."

"Basi Jumapili, baada ya misa, kaka zangu watakuja na majembe. Na wewe tutakulaza pembeni ya Direkteri, ukachunge misumari yako."

Majirani walicheka sana. Mi nilisema maneno ya hasira, siyaandiki hapa. Nilisema mutoto ana minyoo. Nilisema hakuna anayegusa kazi yangu, hata askofu akija na jembe. Unanijua.

Lakini asubuhi iliyofuata nilikwenda kuangalia, ili nipate kuwakatalia vizuri.

Spesi alikuwa anachambua maharagwe. Amekonda, lakini ni yuleyule, na ile pengo ya meno mbele. Alinipa heshima, "Mwaramutse, muzee," akaendelea. Jua lilikuwa kali, kuku zinachakura, mama yake anatwanga. Halafu kuku zikanyamaza. Mutoto akaweka ungo chini polepole, akasimama, mikono nyuma kama ulivyowafundisha. Mbele yake hapakuwa na kitu, ukuta wa jirani tu. Akasema, "Prezan, Direkteri."

Kisha akangoja. Na nilijua ule muda. Ni ule muda wako wa kulowesha kidole na kufungua ukurasa. Nimeusikia miaka, nikiwa natengeneza mabenchi chini ya dirisha. Akasema, "Sijui, Direkteri." Akangoja tena. "Sijui, Direkteri." Mara tatu. Alikuwa anaangalia juu, kimo chako kabisa, na macho yake yalikuwa yanatembea taratibu, kushoto kwenda kulia, kama unapopita mbele ya musitari. Macho yakakaribia nilipokuwa nimesimama mi. Direkteri, sijawahi kumupisha mutu njia bila ugomvi. Nilisogea. Nilikupisha.

Alipokaa nilimuuliza, "Anakuuliza nini?"

"Ananiuliza wenzangu wako wapi. Joze, Emanueli na Odeta. Anasema mi ndiye nimebaki kwenye benchi, mi ndiye wa kujibu." Akaangalia maharagwe yake. "Muzee, anauliza kwa upole. Hanifokei. Lakini hatanipa ruhusa nikae mpaka nijue."

Kwa hiyo we hukumuita sababu ya ubao. Nilifurahi nusu siku nzima, nikasema ona, kazi yangu haina kosa. Halafu nikaona ni mbaya zaidi. We hujabadilika. Umelala pale na majina mane mbele ya macho, na unafanya ulichokuwa unafanya siku zote. Na sisi wote tulionyamaza, tuliokimbia, tuliorudi, hakuna aliyeuliza. Tumemuachia mutoto wa darasa ya tano.

Basi nikatembea. Na hii miguu, ndiyo. Kwa Joze nilishuka sokoni, kwa mama mumoja wa Kongo anayeleta samaki kutoka Uvira. Alisema Joze yuko kwa mujomba wake, Uvira, anasoma, amerefuka, amekuwa mutukutu. Mungu asifiwe. Kwa Emanueli nilikwenda kambi ya wadeplase. Bibi yake alinishika mukono akanipeleka nyuma ya mahema, akanionyesha mahali pa udongo, hapana musalaba. Kipindupindu. Siku mbili tu.

Kwa Odeta sikupata kitu. Niliambiwa shangazi yake anafanya kazi Kigobe, mu nyumba ya wakubwa. Niligonga milango mpaka zamu, walinzi wa mageti, wakanifukuza. Mumoja alisema walipanda kwenye kamiyo ya mizigo. Mwingine alisema walipanda mulima kwa miguu, mvua inanyesha. Askari kwenye bariyeri aliniambia, "Rudi nyumbani, muzee." Mwanamuke mumoja alifungua dirisha kidogo tu akaniuliza, "Odeta gani? Odeta wanaotafutwa ni wengi." Akafunga.

Nilimupelekea Spesi majibu. Asubuhi ile nilikuwepo, na mama yake alikuwepo, ameshika muchi bila kutwanga. Mutoto akasimama. "Prezan, Direkteri." Akangoja. "Joze yuko Uvira, Direkteri, kwa mujomba wake." Nikaona mabega yake yameshuka. Akangoja. "Emanueli amekufa, Direkteri. Kambini." Hapo upepo haukuwepo, na nguo kwenye kamba hazikutikisika. Halafu akasema, "Odeta, sijui."

Na alibaki amesimama. Jua lilipanda juu ya kichwa. Mama yake alimuvuta, alimubembeleza, alimupiga, alilia. Alisimama mpaka saa sita, akaanguka. Tukamumwagia maji.

Kesho ni Jumapili. Kaka za Mama Spesi wamenoa majembe, nimeyaona yameegemea ukutani. Mi nimemuambia Mama Spesi azuie majembe mpaka tuone kesho saa moja na nusu, nimuandikie Direkteri kwanza. Nilimuambia kwa sauti ndogo, Tarsisi. Nilipiga goti. Hajawahi kuniona hivyo, alishtuka, akasema sawa.

Kwa hiyo sikiliza, naandika kubwa ili uone. JOZE YUKO UVIRA. EMANUELI AMEKUFA. ODETA HAJULIKANI. Hiyo ya mwisho si jibu, najua. Ungekuwa hapa ungevaa kofia na kwenda mwenyewe. Lakini si swali la mutoto. Mutoto amesema kila anachojua. Mupe ruhusa akae.

Ukifika benchi ya tatu, usisimame mbele yake. Pita. Njoo kwangu, unaijua nyumba, ile ya mulango wa mbao peke yake kwenye musitari wa milango ya bati, niliutengeneza mwenyewe. Saa moja na nusu nitakuwa nimesimama. Niulize mi, na sauti yako yote, "Odeta yuko wapi?" Nitakuambia nilikwenda wapi jana, niligonga wapi, walinijibu nini. Nitakuambia naenda wapi leo. Kila siku. Sitasema "hayuko" nikaendelea na kazi yangu. Ukinisimamisha mpaka saa sita nitasimama mpaka saa sita, na unajua mi sianguki ovyo. Na kama nitakuja huko kwako kabla sijamupata, nitakuwa nimeacha mutu wa kuuliza baada yangu. Nimeshamuambia muke wa mutoto wangu. Alisema ndiyo.

Kwaheri, rafiki yangu. Alfajiri kabla ya misa nitachimba na mikono, kiasi cha kiganja tu, nisifike kwenye ubao, niweke hii karatasi. Kisha nitarudi nyumbani nikungoje. Nimepiga pasi shati.

Usimuulize mutoto.

Rafaeli, mufundi