Ile "Na" Uliyoiruka

Flemingdon Park,
Toronto, Ontario.
21 Septemba, 2025.

Mpendwa mdogo wangu Gitonga,

Hujambo, na wote wa nyumbani kwako hawajambo? Wifi yangu Melissa anaendeleaje na zamu zake za hospitali? Derek je, meno ya mbele yameshaota, au bado anacheka kwa pengo? Sisi huku tu wazima. Goti la Mama limeanza kumsumbua kwa vile baridi inakaribia, lakini anakula, anasali na anagombana na lifti kama kawaida. Baba Wamaitha anakusalimu. Mimi pia mwili hauna neno. Hali ya roho yangu utaiona kadiri unavyosoma.

Usishangae kupata barua ya karatasi zama hizi. Ujumbe wa simu wewe unausoma halafu unapotea. Nikikupigia, uko kwenye treni na mtandao unakatika. Ajabu ni kwamba mtandao wa hiyo treni yako hukatika kila ninapotaja jina la Mama! Tena simu yangu Mama huishika wakati wowote anaotaka, na haya sitaki ayasome.

Kwanza hongereni kwa kuhama. Miaka yote hiyo mmekaa watatu katika chumba kimoja kule London mashariki, jiko mnachangia na watu msiowajua. Sasa mna nyumba yenye mlango wake na kibustani cha nyuma. Picha nimeziona, na kwa kweli nilifurahi. Malalamiko yako nayo nimeyasikia. Treni ya asubuhi inafutwa bila taarifa, mapipa ya taka yako manne na kila moja lina rangi yake na siku yake, na jirani yako tangu mfike anazungumza habari za mvua tu. Pole. Ila pole yangu ya leo ni ya mdomoni, kwa sababu umeniingiza kwenye balaa na wala hujui.

Hebu fungua kundi letu la familia, rudi nyuma mpaka tarehe kumi na mbili Julai. Uliandika hivi: "Mama tumehamia Hertfordshire karibu London nyumba nzuri." Hakuna nukta, hakuna koma, hakuna chochote. Mimi nilielewa ulitaka kusema karibu na London, yaani si mbali na London. Lakini ile "na" umeiruka. Mama akasoma "Karibu London", kama mgeni anavyoambiwa karibu ndani. Akakujibu papo hapo: "Asante sana mwanangu, nitakuja Oktoba, Mungu akipenda." Na wewe ukaweka dole gumba. Dole gumba, Gitonga! Najua hukusoma. Ulikuwa unakimbilia hiyo treni yako, ukabonyeza tu ili mambo yaishe.

Basi hayakuisha. Siku ya pili Mama alitoa sanduku chini ya kitanda akaanza kulipanguza vumbi.

Nilidhani ni maneno tu, yatapita. Wapi! Tangu aape uraia mwaka jana ana pasipoti ya Kanada, hahitaji mtu wa kumwandikia barua ya mwaliko. Kile kibali cha Uingereza cha kujaza kwenye simu alijaziwa na Wamaitha wangu, na tiketi akakatiwa na huyo huyo Wamaitha. Nilipomuuliza mtoto kwa nini hakuniambia, alinijibu kwa Kiingereza chake kwamba Nyanya alisema ni sapraizi. Nilipoiangalia hiyo tiketi nilikaa chini. Ni ya kwenda tu. Ya kurudi hakuna.

Nikamweleza kwamba wataulizia tiketi ya kurudi pale uwanjani, na kwamba anaruhusiwa miezi sita tu kama mgeni, hawezi kuhamia. Akasema miezi sita ni mingi, na ya kurudi mtamkatia mkimchoka.

Sasa kaa nikusimulie ninavyoishi. Kila asubuhi kabla sijaenda kazini napewa somo la Hertfordshire. Ameutembelea mji wenu wote kwenye simu. Anajua stesheni iko wapi, soko liko wapi, basi la kanisani ni namba ngapi. Ameshachagua kanisa! Amemwona kasisi kwenye video akasema ana uso wa huruma. Majuzi alinikosoa nilivyotamka jina la mtaa wenu, mimi niliyekuwa nikikutumia vifurushi Uingereza miaka yote hii.

Kanisani ndiyo usiseme. Amewaambia kina mama wote anaenda London. Nikijaribu kusema, "Mama, si London, ni kaunti nyingine," ananiambia nisimtie aibu mbele za watu. Wamemwandalia chai ya kumuaga, keki ikaandikwa "Safari njema London". Mchungaji akamwekea mikono. Mimi nimesimama pale nakata keki, moyoni najiuliza hii keki nitakuja kuilipaje siku mtakaponipigia mniambie hamna nafasi.

Halafu kitanda. Ghorofa ya tano amehamia dada mmoja mgeni kutoka Eldoret, ana watoto wawili na godoro moja. Nilirudi kutoka kazini siku ya Jumanne nikakuta chumba cha Mama kitupu. Kitanda amempa yule dada, na pazia juu yake! Yeye sasa analala na Wamaitha, na Wamaitha ananinunia mimi, utadhani mimi ndiye niliyeandika bila nukta.

Nimechoka, mdogo wangu. Nisikufiche, nimeumia pia. Miaka saba nimekaa na Mama. Mimi ndiye ninayemkanda goti, mimi ndiye ninayemsindikiza kliniki kwa mabasi mawili theluji ikianguka. Sijawahi hata siku moja kumwona akiamka anaimba kama anavyoimba sasa anapokunja nguo za kwenda kwako. Nilimwonea wivu, na nilikuonea wivu wewe. Haya, nimesema.

Kwa hiyo jana niliamua liwalo na liwe. Nilimkalisha jikoni, nikamwekea chai, nikafungua ule ujumbe wako nikamwonyesha. Nikamwambia polepole, Mama, Gitonga hakukukaribisha. Alikuwa anaeleza nyumba iko wapi. Alitaka kusema karibu na London, akaruka "na".

Akanywa chai. Hakushtuka hata kidogo. Akasema, "Gakii, mimi nimefundisha Kiswahili Nakuru miaka thelathini na moja. Nimesahihisha insha za watoto elfu ngapi sijui. Unadhani sikuiona hiyo 'na' kwamba haipo?"

Nikamuuliza, sasa kama ulijua, sanduku la nini? Kitanda umekigawa kwa nini?

Akaniambia, "Miaka minane nimengoja aniambie karibu. Kwanza chumba kilikuwa kidogo, kisha karatasi zake zilikuwa bado, kisha Melissa alikuwa na mimba, kisha ikawa kimya. Safari hii neno limemtoka kwa makosa, lakini limemtoka. Nikingoja mpaka aliseme sawasawa, nitakufa sijamwona mjukuu wangu."

Niliingia bafuni nikafungua maji ili asinisikie.

Gitonga, sikulaumu kwa chumba kidogo. Najua maisha ya ugenini, na najua mtu anavyoona haya kumkaribisha mama yake mahali anapopikia kwa zamu. Nadhani uliona haya, ndiyo maana ulinyamaza. Lakini mara ya mwisho mlionana ni siku tulipomzika Baba. Derek ana miaka saba na hajawahi kushikwa na nyanya yake. Sasa nyumba unayo. Kisingizio kimekwisha.

Atafika Heathrow Jumamosi tarehe 18 Oktoba, saa nne asubuhi. Usimtume mtu. Usimwambie apande treni, kwa sababu atapanda kweli, njia ameshaikariri. Nenda wewe na Derek. Na kama kuna sababu ya kweli ya kumzuia, mpigie wewe mwenyewe, kwa sauti yako, kabla tarehe haijafika. Mimi kazi ya kumkatisha tamaa nimeshaifanya mara moja, na sirudii.

Mpe Melissa salamu zangu nyingi, umwambie simlaumu kwa lolote, na umwombe asibadilishe chochote ndani ya nyumba. Mama atabadilisha mwenyewe. Shangazi Kendi akipiga kutoka Meru, mwambie tumepata picha za mahindi yake. Derek mbusu kwenye hilo pengo.

Bado neno moja. Jana, baada ya hayo yote, Mama aliosha kikombe chake, akakipanguza muda mrefu, akiwa amenipa mgongo. Hakuuliza kama mna chumba cha kutosha, wala kama mna kitanda. Aliniuliza hivi tu: "Unadhani ataniona afurahi?"

Nikamwambia ndiyo. Usinifanye mwongo, Gitonga.

Mungu awalinde nyote, na aulainishe moyo wako kabla barua hii haijafika mwisho.

Ni mimi ninayekupenda hata nikiwa nimekasirika,
Dada yako,
Gakii