Kikohozi cha Kwanza Kilitoka Benchini Kwangu

Jumatatu, 4 Machi

Wote wanakosea. Mtangazaji wa redio kakosea, kinyozi wa ng'ambo ya barabara kakosea, hata mke wangu, niliyemsimulia mara mia, hadithi hii anaisimulia kichwa chini miguu juu. Leo asubuhi redio inasema mchekeshaji wetu Kikohozi alianza kuchekesha akiosha vyombo hotelini. Na kile kikohozi chake – anavyokohoa kwanza kama daktari mwenye habari mbaya, halafu ndiyo anatoa kichekesho – eti alimwiga mwalimu wake.

Mwalimu gani? Kikohozi kile kimezaliwa benchini kwangu. Mimi hapa, fundi viatu, miaka arobaini na mbili kibanda kile kile.

Basi naandika, ukweli upate pa kukaa. Mwandiko wangu mbaya, najua. Shule yangu ilikuwa namba za soli.

Ilikuwa hivi. Mimi sichukui viatu viwili kwa mpigo. Nachukua kimoja, mteja anakaa na cha pili mguuni. Mwenye kiatu kimoja haendi mbali, na mwizi wa kiatu kimoja sijamwona bado. Siku moja, miaka thelathini iliyopita, kakaa bwana mmoja mwembamba, ndiye huyu Kikohozi, wakati huo mbeba wagonjwa wa hospitali, mguu mmoja wazi, anamsema bosi wake. Mimi nafungua kopo la gundi. Harufu ikampanda puani. "Bosi wangu ana huruma sana –" koh! koh! "– akiwa amelala." Watu watano benchini wakacheka mpaka mmoja akaangusha miwani. Yule bwana akanitazama, kashangaa mwenyewe. Nikamwambia, rudia. Akarudia.

Hiyo ndiyo siku ya kwanza. Mengine porojo.

Jumanne, 5 Machi

Mjukuu wangu wa kike ana kazi zote za Kikohozi kwenye simu. Tumezitazama mpaka betri ikaomba msamaha.

Yule mtu kafanya kazi jamani! Hospitali walimfukuza – alimchekesha mgonjwa mpaka mshono ukafumuka. (Mshono wangu mimi haufumuki.) Akaenda redioni kusoma matangazo ya vifo. Alidumu wiki mbili. Wafiwa walikuwa wanapiga simu kuomba arudie. Kwenye filamu kacheza maiti, akapiga chafya ndani ya jeneza, mwongozaji akaiacha hivyo hivyo. Katangaza magodoro miaka sita, na kwenye tangazo la mwisho kalala kweli, anakoroma. Halafu ndiyo jukwaa, yeye na kipaza sauti tu, suti kubwa kama kaazima kwa shemeji.

Mjukuu anasema, babu, huyu Jumamosi yuko ukumbini, saa tisa mchana. Anasimulia kazi zake zote, halafu anastaafu.

Nikasema nakwenda. Akasema alijua, tiketi anazo tatu.

Jumatano, 6 Machi

Nimemwambia kinyozi. Nilikosea. Akasimamisha mashine, mteja kanyolewa nusu kichwa, akasema, fundi, wewe hata jua lilipoumbwa ulikuwepo unashika ngazi.

Wateja wake wakacheka. Mimi pia, shingo upande.

Akasema twende wote. Kikohozi akikutambua, nafunga kibanda siku nzima, naja kukaa benchini kwako nikupigie makofi kila ukigonga msumari. Asipokutambua, hadithi hiyo husimulii tena. Kwangu, kwako, msibani, popote.

Nikampa mkono mbele ya watu.

Alhamisi, 7 Machi

Mke wangu anasema usiku najigeuza kama feni. Kasema, mume wangu, ulishona kiatu cha mtu miaka thelathini iliyopita. Wewe unamkumbuka nani wa miaka thelathini?

Nikamwambia, wewe. Akacheka, akarudia swali.

Ijumaa, 8 Machi

Mjukuu kakiri. Jumatatu alinirekodi nikisimulia, akamtumia Kikohozi pamoja na namba za viti vyetu. Hakuna jibu. Sikula mchana.

Jumamosi, 9 Machi. Ukumbini, mapumziko

Naandika juu ya goti, kalamu ya mjukuu. Nina furaha. Furaha na kitu kingine.

Kazi zote kazifanya mbele yetu. Kabeba mgonjwa asiyekuwepo, kasoma kifo cha kipaza sauti chake mwenyewe, kafa, kapiga chafya. Kinyozi kacheka mpaka kanishika goti, akakumbuka ni mimi, akaliachia.

Halafu Kikohozi akakaa pembeni ya jukwaa. Akavua kiatu kimoja. Akasema, palikuwa na fundi, huyo hachukui viwili. Akasema benchi. Akasema wale watu watano, na miwani iliyoanguka – miwani, ambayo kwenye rekodi mjukuu anasema niliisahau! Akasema bosi mwenye huruma akiwa amelala, na watu mia tatu wakaanguka kicheko kama wale watano.

Kinyozi kanigeukia polepole. Kasema, shikamoo, fundi. Sisi umri mmoja!

Halafu Kikohozi akasema, na kikohozi je? Gundi. Gundi ya fundi yule. Akinyanyua kopo tu, mimi koh! Na fundi mwenyewe yuko safu ya pili, baada ya mapumziko anapanda hapa kuwasimulia.

Akanitazama. Akafumba jicho moja.

Sasa niandike haraka, taa zinapungua na kinyozi ananichana nywele kwa chanuo lake. Mwaka ule sikuwa na gundi. Nilikuwa nashona kwa uzi na sindano tu, gundi niliinunua miaka miwili baadaye. Hakuna aliyekohoa. Kikohozi nilikitia mimi, mara ya tatu ya kusimulia, hadithi ilikuwa inachechemea. Chake kilitoka wapi sijui.

Na yeye anajua. Alikuwepo.

Kopo la gundi ninalo mfukoni, nimelibeba toka nyumbani. Mjukuu anasema, babu, simama. Huko jukwaani Kikohozi ameanza kukohoa.