Ada ya Kutafutiwa Nyumba Tuliyomo

Kamina, Jumapili baada ya misa

Baba yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na Mama. Mguu wako unaendeleaje? Katika barua yako ulisema kwenda shambani unaweza, ila kurudi ndiko kunakushinda. Tafadhali usibebe mahindi, waachie wadogo zangu. Mvua imefika huko Kaniama? Hapa imenyesha mara mbili tu, na vumbi bado linaingia mpaka ndani ya sufuria. Mimi ni mzima. Shangazi naye ni mzima, ila mkono mmoja uliungua na mafuta ya mikate anayokaanga kuuza, na sasa unapona.

Baba, nina habari ambayo nataka uisikie kwangu kabla watu wa treni hawajakuletea. Sifanyi tena kazi kwa Monsieur Leonardi. Amenifukuza, sasa ni wiki ya tatu. Sikuiba, sikumtukana, wala si lile jambo ambalo wazazi wanaliogopa kwa binti. Lakini kuna neno ambalo ni lazima nikuulize, kwa hiyo nitaeleza yote, hata pale nilipokosa mimi mwenyewe.

Unakumbuka mume wa Shangazi alipokufa, nyumba ya kambi ya reli ilibidi irudishwe, na Shangazi akaja kupanga chumba huku mjini. Lupango letu, ua wa vyumba vya kupanga, lina milango sita. Mwenyewe, wa hili na mengine kadhaa mjini, ni Mzee Mutombo, aliyekuwa anaendesha treni zamani. Sasa anakaa kwenye mashamba yake, mbali na mji, na mwaka mzima hatukumwona. Anayeshika kila kitu ni Monsieur Leonardi, ndugu ya marehemu mke wa mzee. Watu wanamwita komisioneri, kwa sababu yeye ndiye anayewatafutia watu nyumba, anakusanya kodi na kuwaandikia karatasi ya upangaji. Karatasi inakaa miezi sita. Ikiisha, unaandikiwa nyingine au unatoka. Na tangu kazi za kule Base, kambi ya jeshi inayojengwa, zilete watu wengi, mtu akitoka asubuhi, jioni mlango wake una mwingine.

Nilipotoka shuleni, Monsieur Leonardi aliona barua niliyomwandikia Shangazi. Akasema, "Mkono huu ni wa mashine." Akanipa kazi ya kuandika karatasi zake, na wewe ulifurahi sana. Mimi pia nilifurahi, kwa sababu ni kazi ambayo mtu anaweza kuifanya bila kusema.

Yeye alikuwa anasoma kwa sauti ndogo, akitembea nyuma yangu, mimi naandika. Ilikuwa kama imla ya Masista. Wao walitufundisha kwamba kwenye imla mwanafunzi hainui kichwa wala haulizi maana. Anasikiliza mahali pa mkato na mahali pa nukta. Niliandika hivyo karatasi nyingi, Baba, bila kosa hata moja la herufi. Monsieur alikuwa anawaonyesha wageni.

Siku moja kwenye bomba la maji, Mama Kapinga wa mlango wa tatu, ambaye mume wake ni fundi wa matofali kule Base, alitoa karatasi yake kwenye kitambaa. Akasema, "Binti, nisomee. Mume wangu aliweka kidole tu, na minyi pia najua kidole tu."

Nikasoma. Nilifika kwenye mstari huu: *Mpangaji atakayebaki atalipa tena ada ya kutafutiwa nyumba, sawa na kodi ya mwezi mmoja.*

"Rudia hapo," akasema.

Nikarudia.

"Kutafutiwa nyumba gani? Minyi niko ndani ya nyumba! Alinitafuta wapi, chini ya kitanda?"

Wanawake wakacheka mpaka mmoja akaangusha ndoo. Mimi nikacheka pia. Halafu Mama Kapinga akaacha kucheka, akaniangalia.

"Ngoja. Hii karatasi, weye njo uliandika?"

"Ni mimi, mama."

"Na hukuona?"

Baba, nikamrudishia karatasi yake. Nilikuwa nimeandika mstari ule mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na ile ilikuwa mara ya kwanza kuusikia. Watu walikuwa wanalipa, wanadhani ni sheria, kwa sababu imeandikwa vizuri. Tangu siku ile, nikipita pale bombani walikuwa wanasema, "Pisheni njia, Mama Sekretere anapita! Sauti hana, lakini feza yetu iko anakula." Sikula hata faranga moja ya ile ada, lakini nani angeniamini? Nikaanza kuchota maji kabla ya jua.

Nyumbani nilitazama karatasi ya Shangazi. Mkono ni wangu, na mwisho wake ulikuwa Jumamosi iliyofuata. Nikamuuliza ada hiyo atailipa na nini. Akasema, "Na feza ya unga na mafuta. Kisha nitaona." Lakini bila unga na mafuta hakuna mikate, na bila mikate kodi ya mwezi ule mwingine inatoka wapi? Angelipa ada ili abaki, halafu atolewe kwa sababu alilipa ada.

Jumamosi wapangaji walisimama uani kwa mstari. Shangazi alikuwa wa nne. Monsieur Leonardi akaanza kusoma nyuma yangu kwa ile sauti yake ndogo, na mimi nikaandika jina la mtu wa kwanza, fundi Kasongo, mume wa Mama Kapinga. Tulipofika kwenye ule mstari, mkono wangu ukakataa. Sikukusudia, Baba. Nikasema jambo ambalo mtoto wa shule anaruhusiwa kusema kama hakusikia:

"Tafadhali, rudia."

Akarudia.

"Tafadhali, rudia tena."

"Leo masikio yako yako wapi?" akasema, na akarudia kwa sauti zaidi. Nilikuwa naangalia nibu ya kalamu tu. Kwenye imla, sentensi inasomwa mara tatu, kisha basi. Lakini nikaomba aisome mara ya nne. Hapo akapiga kelele, neno kwa neno, kama mtu anayeita ng'ambo ya reli: "M-pa-nga-ji a-ta-ka-ye-ba-ki! A-ta-li-pa te-na! A-da ya ku-ta-fu-ti-wa nyu-mba!"

Fundi Kasongo akavua kofia.

"Monsieur, samahani. Hiyo nyumba mutanitafutia, iko wapi? Kama iko nzuri kupita hii, nihame leo."

Mtu wa nyuma akadakia, "Na yangu iwe na madirisha mawili!" Mwingine akasema, "Minyi nitafutie yenye haivuji!" Hata Shangazi alicheka, na mkono wake ukiwa umefungwa kitambaa.

Monsieur hakucheka. Akaniinamia. "Andika."

Nilitaka kusema kitu kizuri, lakini machozi yalikuja kwanza. Nikapangusa nibu, nikafunga chupa ya wino, nikasimama. Akasema niende nikakaange mikate, kwamba kichwa changu ni cha mikate. Kweli nikaenda.

Usidhani Shangazi alinisifu. Alifunga mlango akasema, "Weye mutoto! Mwaka mzima unanyamaza kama kiti, na siku unafungua mdomo, unataka tulale inje?" Alikaa mpaka bukari ya jioni ikapoa sahanini. Kisha akavaa kitenge chake cha misa na kwenda kwa fundi Kasongo. Kesho yake wawili hao walienda kwa Mzee Mutombo kwa baiskeli, Shangazi amekaa nyuma.

Mzee alikuja baada ya siku mbili. Ni mtu mkubwa, anasema kwa nguvu kwa sababu treni ziliharibu masikio yake. Aliomba karatasi zote, akazisoma moja moja akiwa amesimama. Akamuuliza Leonardi mbele yetu, "Shemeji, mshahara wako haukatwi katika kodi kila mwezi?" Leonardi akasema unakatwa. "Basi huu mwingine ni wa nini?" Leonardi akasema ni wa karatasi na wino. Mzee akaangalia ile karatasi. "Wino huo unatoka Ulaya kwa ndege?"

Aliamua hivi: anayebaki asilipe ada tena, karatasi ya zamani iongezewe tarehe tu. Mgeni anayeingia atalipa mara moja. Ada zilizokwisha kulipwa hazikurudishwa, mzee alisema hilo ni la zamani, na hapo watu walinung'unika. Leonardi bado ndiye komisioneri, kwa sababu ni ndugu ya marehemu na mzee hatamtupa. Lakini chumba cha Shangazi ni chake kwa miezi sita mingine, na unga umenunuliwa.

Sasa neno lenyewe. Juzi Leonardi alimwambia Shangazi kwamba atanirudisha kazini. Wageni ni wengi, na mkono wake mwenyewe hausomeki. Anachotaka ni kwamba nisimame uani mbele ya wapangaji, niseme nilikosa heshima, nimwombe msamaha. Shangazi hakusema ndiyo wala hapana. Alisema, "Huyo iko na baba yake. Andika kwa baba."

Najua mshahara wangu ulikuwa unanunua daftari za wadogo zangu, na mwezi huu sina cha kutuma. Sasa nauza mikate na Shangazi asubuhi kwenye stesheni. Naona haya sana kuita wateja, kwa hiyo yeye anaita, mimi nafunga.

Kwa Mama Kapinga nilikwenda peke yangu. Nilimwambia nisamehe, mliilipa ada ile kwa maandishi yangu. Akanipa mtoto wake nimshike ili amalize kufua.

Nisalimie Mama, na umwambie kitambaa alichonitumia nimekwisha kukishona. Nisalimie Nkambo, mama yako, na wadogo zangu wote. Msalimie katekista anayekusomea barua hii, asichoke, imebaki kidogo. Shangazi anasema niandike hivi: mdogo wako wa kike anakusalimu.

Baba, ukisema nirudi Kaniama kulima, nitapanda treni ya wiki ile ile. Ukisema nibaki hapa na mikate, nitabaki, na nitajifunza kuita wateja. Lakini ukisema nikamwombe Leonardi msamaha, utakuwa umeniambia jambo ambalo sitaweza kulifanya. Sijawahi kukukatalia kitu.

Ni mimi binti yako anayekuheshimu,

Kristina Ngoie