Salamu Ambazo Hazikusomwa Redioni

Dani, nyanya yangu,

Ni mimi, Awino, mjukuu wako. Naandika kwenye karatasi ya ofisi na hilo si sawa. Jumatatu nitanunua nyingine niirudishe mahali pake. Unanijua. Hata wewe, ambaye huwezi tena kunigombeza, nimekuandikia kwanza kwa penseli.

Miezi minne imepita tangu tukuzike Muhuru Bay. Kuku wako waligawanywa wiki ileile. Shangazi Konsolata alichukua sufuria kubwa na kile kiti kifupi ulichokuwa ukikalia kuchambua dagaa wa omena. Redio hakuna aliyeitaka. "Mpeni Awino," Shangazi akasema. "Si ndiye aliyekuwa masikio ya Mama?" Watu wakacheka. Nami nikacheka, nikaibeba.

Sasa iko chumbani kwangu hapa Migori, juu ya sanduku la nguo. Mtoto wa jirani aliiona akaipapasa kioo kwa kidole, akingoja picha zisogee. Zilipokataa, akaniuliza kama imeharibika. Nikamwambia hii haina picha, ina sauti tu.

"Sauti za nani?"

Nikamrudisha kwao.

Zamani ningemjibu. Ningemwambia jinsi tulivyoanika betri juu ya mabati, tukazigeuza kama samaki, na zikishapata joto zikatupa nusu saa zaidi. Ningemwambia kuhusu waya wa shaba ambao Baba aliutoa kwenye injini mbovu ya boti, uliotoka kwenye antena ukapita dirishani mpaka kwenye ua wa nyuma. Uligeuza kitufe polepole kama mtu anayetoa mwiba kwenye mguu wa mtoto. Ukawapita watu wa Kampala waliokuwa wakicheka kila saa, ukampita yule mhubiri uliyemwita Mwenye Kikohozi, ukapita lugha ambazo hata mwalimu wangu hakuzijua, hadi ukafika Mwanza. Mvua ikiwa bado ng'ambo, redio ilikuwa ya kwanza kujua. Ilipasuka kra, kra, nasi tukakimbia kuanua omena kabla wingu halijaonekana. Hatukuwa na televisheni wala simu. Tulikodolea macho kile kitambaa cha spika, wote wawili, na hatukuona upungufu wowote.

Kiswahili cha Mwanza hukukijua. Ulijua cha sokoni: lete, ngapi, toa, hapana. Mimi nilikuwa na Kiswahili cha darasa la tatu. Kila Jumapili saa kumi, kipindi cha salamu kilipoanza, ulinivuta karibu na goti lako. Mtangazaji alisoma kadi za wasikilizaji: fulani wa Musoma anamsalimu fulani wa Shirati. Ukaniuliza kwa Kijaluo, "Anasema nini?" Nami nikakueleza. Chochote ulichojua kuhusu ng'ambo ya ziwa kilipitia mdomoni mwangu.

Ndiyo maana nakuandikia kwa Kiswahili, Dani. Nimejaribu mara mbili kuandika kwa Kijaluo. Nikifika hapa ninakuona ukiniangalia.

Mwaka ule nilikuwa na miaka tisa. Boti ya Baba Mkubwa Odero, mwanao wa kwanza, ilipatikana imepinduka upande wa Tanzania. Miili ya wenzake wawili ilipatikana. Yeye hakupatikana. Miezi mitatu uliketi na redio ukitafuta Mwanza, kwa sababu mtu fulani alikwambia kwamba wavuvi waliookolewa hutuma salamu nyumbani. Kila Jumapili uliniuliza na kila Jumapili nilikwambia kweli: hakutajwa. Mwishowe wazee wakasema inatosha. Wakaleta tunda la yago, lile refu zito kama paja la mtu, ambalo sisi hulizika badala ya mtu ambaye ziwa limekataa kumrudisha. Lililazwa kando ya ukuta wa nyumba yako, lingoje kuzikwa Jumatatu.

Jumapili, siku moja kabla, ilikuwa siku yako ya tatu bila kula. Midomo yako ilikuwa imepasuka. Saa kumi ulifungua redio, na kulikuwa na dhoruba mahali fulani, maana hapakusikika kitu ila mkwaruzo, na ndani ya mkwaruzo mtu akisoma majina kwa mbali. Ukanishika mkono.

"Anasema nini?"

Nikasema, "Amemtaja Baba Mkubwa. Odero wa Ukerewe anamsalimu mama yake aliyeko Muhuru. Yuko salama."

Sikulipanga neno hilo. Nilitaka ule. Na tena, niandike yote: nilikuwa naliogopa lile tunda, sikutaka liwe ndiye yeye.

Ulipiga vigelegele hadi majirani wakaja. Ukala ugali. Ukanipa kichwa cha samaki, mimi mtoto, mbele ya watu wazima. Asubuhi wazee walipofika uliwazuia mlangoni. "Mtu aliyetuma salamu hazikwi." Mmoja wao akauliza nani amezisikia salamu hizo, ukanielekeza kidole. Akaniangalia kwa muda mrefu. Nikatikisa kichwa kukubali. Wakarudi makwao. Tunda likabaki palepale likikauka na kukunjamana, na kwa miezi mingi nilizunguka nyuma ya jiko nisilipite.

Nilisema uongo mara moja tu. Jumapili zote zilizofuata nilikwambia hakutajwa leo, nawe ndiwe uliyenifariji. "Labda kadi zimemwishia, nyakwara, mjukuu wangu." Miaka kumi na saba, Dani. Wanawake wa ufukweni wakakuita Mama Redio. Shangazi mwenyewe alikuwa akisema, "Mama anangoja kaka yetu atoke ndani ya spika, na akitoka atakuwa na njaa." Watu wakaangua kicheko, nawe ukacheka nao, kwa sababu ulikuwa na uhakika.

Hata pale wodini Homa Bay redio ilikuwa kwenye mto wako. Siku mbili kabla hujaondoka ulinivuta sikio ukaniambia, "Odero akifika, msimwonyeshe kaburi langu kabla hajala." Nikakuitikia. Ile ndiyo ilikuwa nafasi yangu na nikakuitikia.

Tangu uondoke siko sawa. Jumapili saa kumi naifungua. Mahali pa Mwanza pamebaki mkwaruzo mtupu. Nadhani stesheni ilihamia kwingine, ambako simu huipata safi bila kupasuka. Lakini ndani ya mkwaruzo kuna mtu anasoma majina. Hapandishi sauti, hashushi. Nikisogea, haeleweki. Nikiondoka hadi mlangoni, anakaribia kueleweka. Nimeanza kutoa betri na kuzibeba kwenye mfuko wa koti hadi ofisini. Zinagongana ninapotembea, na wenzangu wanauliza, "Awino, umebeba nini hapo?"

Unakumbuka nilipata kazi ya ukarani kwa chifu. Wiki jana chifu aliniletea faili la ardhi yako. Inahitajika barua yenye majina ya watoto wako wote, walio hai na waliofariki, ili shamba ligawanywe. "Hii ni ya kwenu," akasema. "Andika wewe, mimi nitaweka sahihi Ijumaa. Usinikosee jina." Nikaandika nambari moja: Odero. Mbele ya jina kuna nafasi ya neno moja tu. Nikiandika yu hai, nitakuwa nimesema ule uongo mara ya pili, safari hii na muhuri wa serikali juu yake. Nikiandika marehemu, ni mimi, peke yangu, ninayemuua, bila mwili, bila yago, bila mama yake kujua. Nilikaa na ile karatasi siku nzima. Nilihudumia watu kumi na kitu wa vitambulisho na sikumbuki uso wa hata mmoja.

Jumatano niliomba ruhusa nikaenda Muhuru kumwona Baba.

Bado anaishi ndani ya boma lako, Dani. Ana mvi, anatengeneza injini za watu, na hajatoka kujenga boma lake, kwa sababu mdogo hatangulii kaka aliye hai. Yale mawe aliyoyarundika kwa ajili ya nyumba yamemezwa na nyasi. Kila Krismasi anasema mwaka huu Odero atakuja. Hilo nililijua siku zote. Nililikwepa kama nilivyolikwepa lile tunda.

Nilimkuta akinawa grisi kwa petroli. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama, haraka, kama mtu anayesoma ripoti.

Akauliza, "Maneno gani hasa yalisomwa siku ile?"

"Hakuna, Baba. Ulikuwa mkwaruzo."

"Hata jina lake?"

"Hata jina."

Nilingoja anipige. Hajawahi kunipiga tangu nizaliwe, lakini nilingoja. Aliendelea kunawa mikono iliyokwisha kutakata. Kisha akasema, "Nimemtukana, Awino. Miaka yote hii. Nilisema huyu ni mtu gani, anamsalimu mama redioni na hawezi kuja kumwona. Mama alipougua nilimlaani kwa jina. Kumbe nilikuwa namlaani maiti."

Akakaa chini kwenye mchanga. Sijawahi kumwona Baba amekaa chini mchana.

Baadaye akaniambia niandike marehemu, na kwamba Jumamosi watazika yago kando yako. Nikamuuliza, na kama yuko hai? Akasema hilo ndilo nililowapa: hata sasa hawezi kulizika tunda hilo bila kujiuliza. Kisha akasema, "Watu wataitwa. Utawaambia wewe. Nikiwaambia mimi, nitakufichia kitu, maana wewe ni mwanangu."

Neno nimeliandika leo, kwa wino. Chifu ameweka sahihi bila kuuliza. Kesho ni Jumamosi.

Ninaogopa, Dani. Nimeogopa watu maisha yangu yote, hata kuomba nauli yangu irudishwe. Namwogopa Shangazi na mdomo wake. Nawaogopa wazee, hasa yule aliyeniangalia, maana bado yu hai na atakaa mbele. Ninaogopa kwamba wakati wanafukia udongo mtu mwenye mvi atatokea njia ya ufukweni akiuliza mnamzika nani. Na wewe ninakuogopa, nisamehe, kuliko wote.

Lakini nitasimama. Hilo ndilo ninalokuahidi, na sina lingine la kukupa. Najua watakavyosema nikimaliza: maskini mama yule, alikuwa mjinga, aliamini redio. Sitakaa chini kabla sijawajibu. Nitawaambia hukuiamini redio hata siku moja. Uliniamini mimi.

Lala, Dani. Usiningoje nikuambie kitu kingine.

Awino